Hakukosa Akili, Alikosa Neno

Juma lililopita chuo chetu kiliwakaribisha wanafunzi wa shule za upili ili waonjeshwe sayansi ya tarakilishi. Mhadhiri mmoja aliwauliza, kwa Kiingereza, maana ya algoriti. Ukumbi mzima ulinyamaza kimya. Walimu waliowaleta wakainamisha vichwa kwa haya.

Nami, ambaye kazi yangu ni isimu, niliomba ruhusa nikamuuliza msichana mmoja kwa Kiswahili: hulitafutaje neno katika kamusi yenye kurasa 1,000? Alijibu bila kusita. Huifungua katikati, neno likiwa mbele, huiacha nusu ya nyuma, kisha huigawa nusu iliyosalia, vivyo hivyo hadi aufikie ukurasa wenyewe. Tukahesabu pamoja: hahitaji kufungua zaidi ya mara 10. Nikamwambia, hiyo ndiyo algoriti, nawe umeieleza barabara.

Binti huyo hakukosa akili, alikosa neno. Na neno lenyewe asili yake si Uingereza, bali ni jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9. Hata sifuri, ambayo pamoja na moja ndiyo msingi wa hesabu zote za tarakilishi, imo katika Kiswahili tangu jadi.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi, walimu wenzangu, mtihani na ubaki kwa Kiingereza ikibidi, lakini fikra zianzie katika lugha inayoeleweka. Asiyeelewa swali asihukumiwe kuwa hana jibu.