Sheria ya biashara isiishie katika chumba cha mtihani

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu, wengi wao wakiwa wa kitivo cha biashara, zoezi lililoonekana jepesi: kila mmoja amweleze mzazi wake, kwa Kiswahili, tofauti ya shahidi na mdhamini katika mkataba wa mkopo. Wote walikuwa wamefaulu mtihani wa sheria ya biashara. Hata hivyo, wengi walirudi na karatasi tupu.

Nilisikitika, kwani naijua gharama ya kutoelewa huko. Jirani yangu mmoja alitia sahihi hati ya mkopo wa rafiki yake akidhani anashuhudia tu. Mkopaji alipotoweka, mkopeshaji alimjia yeye, na ng'ombe wawili wakauzwa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, yataka ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine iandikwe na kutiwa sahihi. Kinga hiyo ni njema, lakini yamfaa nini mtu asiyeelewa lugha ya hati iliyo mbele yake?

Wako watakaosema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa sheria. Dai hilo halina mashiko. Rehani, amana, dhamana, wakala na ubia ni maneno waliyoyatumia wafanyabiashara wa Pwani kabla vyuo vikuu vyetu havijazaliwa. Ni kweli kwamba utata upo. Neno 'mdhamini' humaanisha anayedhamini mkopo, anayemdhamini mshtakiwa mahakamani, na hata anayegharimia ligi ya kandanda. Lakini utata hauondolewi kwa kulikimbia neno. Huondolewa kwa utafiti, na hiyo ndiyo kazi ya wasomi.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 chakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 nacho champa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa na huduma kikamilifu. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Sisi twangoja nini?

Sisemi Kiingereza kifukuzwe. Mwanafunzi na aendelee kuisoma kesi ya Carlill, iliyoamuliwa London mwaka 1892, ambapo kampuni iliyotangaza zawadi ya pauni 100 ilishurutishwa kuilipa. Ila aweze pia kumweleza mama mboga kwamba tangazo laweza kuwa ahadi yenye nguvu ya kisheria.

Napendekeza mambo mawili. Kila tasnifu ya sheria ya biashara iambatane na muhtasari wa Kiswahili. Pia, idara za isimu na za sheria zikae pamoja kusanifu istilahi. Walimu wenzangu, elimu isiyoweza kumkinga mzazi aliyeilipia karo ni deni, na dawa ya deni ni kulipa.