Nyasi Zatozwa Faini, Vyoo Vyatapishwa

Mhariri,

Vigezo vya kupanga hatari za kiafya mjini, yaani vipimo vinavyoamua ipi ishughulikiwe kwanza na ipi isubiri, vinajulikana: idadi ya watu wanaofikiwa na hatari, ukali wa ugonjwa, kasi ya kuenea kwake na uwezekano wa kuuzuia kwa fedha iliyopo. Kwa vyote hivyo, kutapisha vyoo, yaani kuzibua shimo lililojaa ili mvua ichukue kinyesi hadi mtaroni, kungepaswa kuongoza orodha katika mitaa ya mabondeni ya Dar es Salaam, kwa kuwa kipindupindu hupita katika maji na chakula kilichoingiwa na kinyesi, huweza kumuua mtu ndani ya saa chache asipotibiwa, na jiji hili halijasahau mlipuko ulioanza Agosti 2015.

Mwandishi wa barua hii, mkazi wa mtaa mmojawapo, juma hili aliamka akakuta uchafu wa shimo la jirani umetuama mlangoni pake na kuzunguka kisima kinachotegemewa na kaya kadhaa maji ya bomba yanapokatika. Alipokwenda kushtaki aliambiwa afisa afya yuko kwenye ukaguzi, akaelekezwa ofisi nyingine, nayo ikamrudisha kwa mjumbe, aliyeshauri majirani wapatane wenyewe. Jioni ilibainika kwamba ukaguzi huo ulifika hadi nyumbani kwake: aliachiwa karatasi ya faini kwa nyasi zilizorefuka kando ya ua, na aliyeiandika hakuwa na njia ya kuzifikia ila kwa kuyaruka majitaka yaleyale.

Nyasi huficha nyoka, hilo halibishaniwi, lakini inaelekea kigezo kinachotumika kweli ni wepesi wa kutoza, maana mwenye ua hupatikana mchana, ilhali anayetapisha hufanya hivyo usiku wa mvua, mara nyingi kwa sababu gari la kunyonya majitaka halipiti vichochoroni.

Ada ya taka nayo hukusanywa bila kukosa, ingawa gari la taka huonekana kwa nadra na viroba huishia mitaroni baada ya kupasuliwa na mbwa. Wanasiasa, kwa upande wao, huvaa buti mpya za mpira siku ya usafi na kufagia, mbele ya kamera, barabara ya lami iliyokwisha kufagiliwa alfajiri.

Mkazi wa bondeni,
Dar es Salaam