Mke wetu, mume mgeni

Haya jamani, wiki ya nne hii sijaandika kitu. Mazoezi ya kufundisha yamenibana, nikirudi jioni hata mikono imejaa chaki. Lakini leo nna jambo la moyoni na sitalala bila ya kulitoa. Mwenye haraka akalale, mie ntasema mpaka nimalize.

Juzi hapa chuoni Tunguu, tumekaa chini ya muembe tunangoja gari ya mjini, likazuka suala la ndoa na viza. Mwenzetu mmoja ana binamu yake, kijana wa Nungwi, kaoa Muingereza. Ndoa ya halali, kafungishwa na shekhe, cheti anacho. Mke karudi kwao kutafuta utaratibu wa kumchukua mumewe, na huko ndiko walikokwama: mshahara wa bibie hautoshi.

Kwa msiojua, tangu Julai 2012 Uingereza inamtaka mtu wake anayetaka kuishi na mwenzi kutoka nje aoneshe kwanza kipato. Kilianza paundi 18,600 kwa mwaka. Aprili 2024 wakakipandisha mpaka paundi 29,000. Juu yake kuna ada ya viza yenyewe, kuna tozo ya matibabu ambayo tangu 2024 ni paundi 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na kuna mtihani wa Kiingereza. Halafu kuna ushahidi kwamba mnapendana kweli: picha zenu, meseji zenu, mlionana lini, mlikwenda wapi. Sasa fikiria mtoto wa kike wa Unguja aliyechumbiwa na jamaa wa Leicester. Posa imeletwa na wazee, na hata kwenda Forodhani kula urojo na mchumba alifuatana na mdogo wake. Hizo picha za mapenzi za miaka miwili atazitoa wapi? Kwetu sie, bibi harusi mwenye picha hizo ndiye anayetiliwa shaka. Kwao ndiye anayepewa viza!

Basi pale chini ya muembe Waingereza walitukanwa, wallahi, mpaka nikawaonea huruma. Wabaguzi, wanapima mapenzi kwa mshahara, maskini wao hana haki ya kuoa. Na mie nilikuwamo, kwa sababu ni kweli. Maskini wa Kiingereza aliyeoa jirani yake haulizwi mshahara wake na mtu. Anaulizwa yule aliyempenda mtu wa mbali tu.

Nikauliza: na sie je? Mtoto wa kike wa Unguja akiolewa na mgeni, sheria yetu inamwambiaje? Wakacheka. Mmoja akasema, "Atamfuata mumewe, kwani vipi?" Na mazungumzo yakahamia kwenye mpira.

Nyani haoni kundule.

Tuifungue sheria basi. Sheria ya Uraia ya Tanzania ni ya mwaka 1995. Kifungu cha 11 kinasema mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania ana haki ya kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Neno lililotumika ni mwanamke, si mtu wala mwenzi. Mwanamme aliyeoa raia wa Tanzania hana kifungu chake. Yeye anapita mlango ule ule anaopita mgeni yeyote asiye na mke wala mtoto hapa: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka 7 au zaidi, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, kisha asubiri Waziri aridhike. Ndoa yake haipunguzi hata siku moja katika hesabu hiyo.

Chukua mfano huu. Kijana wa Malindi (hii Malindi yetu ya Mji Mkongwe, si ile ya Kenya) kaoa Mombasa, Mji wa Kale. Dada yake, tumbo moja, kaolewa na kaka wa yule yule bibi harusi. Wameoleana, kama familia nyingi za pwani zinavyofanya. Mabwana harusi wote wawili na mabibi harusi wote wawili wanazungumza Kiswahili, wanasali msikiti mmoja, biriani yao moja. Wote wanne wanataka kukaa Unguja. Yule dada wa Mombasa anaingia kwa kifungu cha 11. Kaka yake, aliyetoka tumbo lile lile, anahesabiwa miaka. Tofauti yao ni nini? Ni kwamba raia wetu aliyemuoa yule wa kwanza ni mwanamme, na raia wetu aliyeolewa na yule wa pili ni mwanamke. Basi. Anayeadhibiwa hapo si mtu wa Mombasa, ni mtoto wetu wa Malindi. Sheria imemwambia: ndoa yako ni nusu ya ndoa ya kaka yako.

Sasa wageuze, waende kukaa Mombasa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 15, inasema mtu aliyefunga ndoa na raia kwa miaka isiyopungua 7 ana haki ya kuomba kuandikishwa uraia. Mtu! Mke au mume, sawasawa. Kabla ya hapo Kenya nayo ilikuwa kama sie, mwanamke wa Kikenya hakuweza kumpa mumewe njia hiyo. Walipoandika katiba mpya wakarekebisha, na sijasikia kwamba Mombasa imezama baharini.

Msiseme natunga mambo ya vitabuni. Mtaani kwetu yupo mwalimu wa skuli ya msingi, mumewe Mngazija. Watoto wao ni raia wa hapa kupitia mama yao, hilo sheria imelifanya vizuri. Mama raia, watoto raia, baba mgeni, nyumba moja. Baba anakaa kwa kibali, na kibali kina tarehe yake ya mwisho. Kufanya kazi nako kunataka kibali chake peke yake. Kila tarehe ikikaribia, nyumba nzima inanyamaza. Safari moja yule mwalimu alifuatilia makaratasi katika afisi moja, siitaji. Karani akamtazama juu mpaka chini akamuuliza: "Kwani wanaume wa hapa wamekwisha?" Mwanamke mtu mzima, anafundisha watoto wa watu, anaulizwa hivyo mbele ya foleni. Kaka aliyeoa Mngazija haulizwi kama wanawake wa hapa wamekwisha. Anaambiwa hongera.

Najua majibu yenu, nimeyasikia mara nyingi. Tuyachukue moja moja.

La kwanza: mwanamke humfuata mumewe, ndiyo mila. Mila ya nani? Hebu tembea Mji Mkongwe uulize watu ukoo wao. Mababu waliteremka bandarini na majahazi kutoka Hadhramaut, Oman, Ngazija na Bara Hindi, wakaoa hapa, na wengi wakabakia hapa. Hawakuwabeba wake zao kwenda kwao. Wao ndio waliokuja kwa wake zao, wakajifunza Kiswahili kwa wake zao, na watoto wao ndio sie tunaojiita wenyeji. Nusu ya mabaraza ya Mkunazini na Malindi yana wajukuu wa mgeni aliyeoa kwetu. Leo mjukuu huyo huyo anakaa barazani anasema mume wa kigeni hana haki! Ingekuwapo sheria hii wakati wa majahazi, babu yako angekaa kwenye foleni ya kibali mpaka kusi ikavuma.

La pili: wanaume wa kigeni watawaoa watoto wetu kwa hila, wapate makaazi na ardhi. Hila zipo, sikatai. Mie nimekwenda Paje, nina macho. Lakini ndoa ya hila haina jinsia. Mwanamke wa kigeni naye anaweza kumuoa papasi wa pwani kwa ajili ya kibanda cha biashara, na huyo kifungu cha 11 kinamfungulia mlango. Kama dawa ya hila ni kungoja miaka, wangoje wote. Kama ni kuhojiwa, wahojiwe wote. Kumfungia mlango mmoja na kumwachia mwengine wazi, kisha ukaita hiyo ni ulinzi, ni kujidanganya.

La tatu, na hili ndilo wanalolipenda zaidi: mwanamme ndiye anayetafuta kazi, atawanyang'anya vijana wetu ajira. Hoja hii si mpya, na ishawahi kupelekwa mahakamani na wale wale Waingereza mliowatukana chini ya muembe. Miaka ya mwanzo ya 1980 kanuni zao zilimruhusu mwanamme mkaazi kumleta mkewe kwa wepesi, lakini mwanamke mkaazi akiwekewa vizuizi kumleta mumewe. Wanawake watatu wakashitaki: Abdulaziz, Cabales na Balkandali. Huyo Abdulaziz mzaliwa wa Malawi, jirani zetu hawa. Serikali ikajitetea kwamba inalinda soko la ajira, kwa sababu waume ndio wanaotafuta kazi. Mei 1985 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kule Strasbourg, ikaikataa hoja hiyo na kusema huo ni ubaguzi wa jinsia. Yaani sababu wanayotoa wanaume wa barazani leo ilishindwa kabla mie sijazaliwa.

Lakini sikilizeni kilichofuata, maana ndiyo sababu nnaandika kwa uangalifu. Uingereza ilitakiwa iwe sawa, ikawa sawa. Badala ya kuwapa wanawake njia nyepesi ya wanaume, ikaondoa wepesi wa wanaume. Wakabanwa wote! Usawa ulipatikana kwa kumnyang'anya aliyekuwa nacho. Sie tukidai, tusidai kienyeji namna hiyo. Sitaki dada wa Mombasa apoteze alichonacho. Nataka kaka yake apate.

Na tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya wazungu peke yao. Botswana, Unity Dow aliolewa na Mmarekani, na sheria ya uraia ya 1984 ikawanyima uraia watoto wao kwa sababu mama ndiye Mbotswana na baba siye. Akaenda mahakamani, akashinda Mahakama Kuu 1991 na Mahakama ya Rufaa 1992. Baadae akawa jaji mwenyewe. Oman nako, ambako kila ukoo hapa una mtu wake Muscat, amri ya mwaka 1993 ilimtaka Muomani, mwanamme au mwanamke, aombe ruhusa ya serikali kabla ya kufunga ndoa na mgeni. Wangapi hapa wamevunja uchumba kwa kungoja karatasi hiyo! Aprili 2023 Sultan Haitham akaifuta. Wenzetu wote wanasogea, sie tumekaa palepale tulipokuwa 1995.

Sasa nije kwenye linaloniuma mie binafsi. Mie ni mwalimu mtarajiwa. Nnasimama mbele ya darasa la watoto wasiopungua 60, nafundisha uraia. Naandika ubaoni kwamba ibara ya 13 ya Katiba ya Muungano inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Naandika kwamba mwaka 2000 neno jinsia liliongezwa katika ibara hiyo, kwamba ni marufuku kumbagua mtu kwa jinsia yake. Naandika kwamba Tanzania iliridhia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 1985. Wasichana wa mbele wanaandika kwa kalamu nyekundu na kupiga mstari. Wanaamini. Mwalimu akisema, mtoto anaamini. Je, yule mmoja atakayeolewa na mtu wa Lamu au Moroni, atakaporudi kuniuliza, nimwambie daftari lake lilikosea au sheria ilikosea?

Dawa yenyewe haitaki kamisheni wala semina ya posho. Katika kifungu cha 11 ondoa neno mwanamke, weka mwenzi, na pale panaposema mume weka mwenzi pia. Kama Bunge linaona muda wa ndoa unahitajika, liuweke kwa wote watakaoomba baadae, bila ya kuwagusa waliokwisha kuingia.

Na msiniambie nimpelekee mwakilishi wangu hapa Chukwani. Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano, Baraza la Wawakilishi haliwezi kuigusa sheria hii. Anayeweza ni mbunge wako, yule anayekwenda Dodoma. Kila jimbo la Unguja lina wake. Wakija kuomba kura wanajua njia ya mpaka uani kwenu, basi na wewe jua njia ya kwao. Usimuulize barabara peke yake. Muulize kifungu cha 11 anakijua? Akisema hakijui, msomee. Na nyie wavulana wa chini ya muembe, mlio wepesi wa kumlaani Muingereza, kamuulizeni nyie kwanza. Mna dada nyote.