Mbio Ndefu za Milimani: Mashauriano Kabla ya Kujiandikisha



Ndugu wasomaji, kina mama na kina baba, wiki hii nimeletewa swali na bibi mmoja wa hapa kwetu pwani. Binti yake ameolewa na anaishi Uingereza. Ana watoto wawili, na yule mdogo bado hajaachishwa ziwa. Binti huyo amezoea kukimbia tangu alipokuwa skuli, na sasa ameazimia kuliweka jina lake katika mbio za kuuzunguka mlima Mont Blanc. Mama mtu anauliza iwapo jambo hili ni la kheri au ni wazimu, na yeye kama mzazi amwambie nini binti yake.

Kabla ya kutoa jibu, yatupasa tulifahamu jambo lenyewe, kwani maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Mbio hizo hufanyika kila mwaka mwishoni mwa msimu wa joto wa Ulaya. Huanzia na kumalizikia katika mji wa Chamonix, nchini Ufaransa, na njia yake hupita pia katika ardhi ya Italia na ya Uswisi. Masafa yake ni takriban kilomita 170, yaani yashinda mwendo wa kutoka Mombasa hadi Voi. Wala si barabara ya lami. Ni vijia vya mawe, nyasi na matope, vinavyopanda na kushuka usiku na mchana. Ukiijumlisha miinuko yote utapata kiasi cha mita 10,000, ambayo ni karibu sawa na kuupanda Mlima Kenya mara mbili kuanzia usawa wa bahari. Mkimbiaji hupewa saa 46 na nusu tu. Huondoka siku ya Ijumaa jioni, na wengi wao hukesha mikesha miwili njiani.

Zilipofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2003, waliondoka watu wapatao 700 katika hali mbaya ya hewa, na waliomaliza mzunguko mzima walikuwa 67. Mwaka 2010 ilibidi mbio zisimamishwe kwa sababu ya mvua kali na maporomoko ya udongo. Nayataja haya ili ieleweke kwamba mlima haumchukulii mtu dhamana, hata akiwa na miguu mizuri namna gani.

Kuingia kwenyewe si kwa kulipa ada peke yake. Mtu sharti kwanza amalize mbio nyingine ndefu zinazotambuliwa na waandaaji hao. Katika mbio hizo hupewa kile wanachokiita mawe, na kila jiwe huhesabiwa kuwa kura moja. Mwenye mawe mengi huwa na matumaini makubwa zaidi ya jina lake kutoka, lakini hana hakika. Najua hapa pana atakayeuliza kama kura hii si kamari. Katika kamari watu huweka mali, mmoja akaila mali ya mwenziwe. Kura ya kugawa nafasi chache baina ya watu wengi wenye sifa sawa ni jambo jingine, na Mtume wetu, sala na amani zimshukie, alikuwa akipiga kura baina ya wake zake alipotaka kusafiri. Hata hivyo, binti asome vyema masharti ya ada kabla ya kutoa shilingi yake.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali. Mwaka 2018 mwanamke mmoja wa Uingereza, Sophie Power, alishiriki mbio hizi ilhali mtoto wake mchanga alikuwa na umri wa miezi mitatu. Alipofika Courmayeur, upande wa Italia, karibu na nusu ya njia, alimkuta mumewe akimsubiri na mtoto. Akaketi, akamnyonyesha, na mpiga picha mmoja akaipiga picha iliyoenea duniani kote. Akaendelea na safari, na akamaliza baada ya saa 43 na dakika kadhaa.

Wengi waliitazama picha ile wakagawanyika makundi mawili. Kundi moja lilimsifu kwa ushujaa, na jingine likamlaumu kwamba ni mama asiye na huruma. Wachache waliuliza kwa nini hakungoja. Sababu ni hii: miaka minne kabla ya hapo alikuwa amepata nafasi katika mbio hizo hizo, akashika mimba ya mtoto wake wa kwanza, na nafasi ikampotea. Kanuni za wakati ule zilimruhusu aliyeumia mguu kuahirisha, lakini mjamzito hakuruhusiwa. Kwa hiyo, nafasi ilipopatikana tena, aliogopa kuipoteza mara ya pili. Baada ya picha ile kuenea na watu kuhoji, waandaaji waliweka utaratibu wa kuwalinda wajawazito.

Nawaombeni mwitazame kisa hiki kwa jicho la nyumba. Hakuna aliyekimbia peke yake katika kisa hiki. Palikuwa na mume aliyebeba mtoto katika nchi ya ugenini, na mtoto aliyekuwa na haki yake ya maziwa. Na kanuni iliyoandikwa bila ya kumkumbuka mwenye kuzaa iliwatia wote watatu katika dhiki. Anayejiandikisha huandika jina moja, lakini wanaoingia mbioni ni watu wote wa nyumba yake.

Kwa sababu hiyo jibu langu kwa bibi ni hili: mwanao si mwendawazimu, wala hakutaka jambo la aibu. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alishindana mbio na Mtume mwenyewe, na safari ya kwanza akamshinda. Mwanamke kuwa na mwili wenye nguvu ni neema. Lakini neema ina mpangilio. Tunakijua kisa cha Salman na Abu Dardaa, aliyekuwa akifunga mchana na kusimama usiku hata mkewe akawa kama hana mume. Salman alimzuia, akamkumbusha kwamba Mola ana haki, nafsi ina haki, na ahli wa nyumba wana haki, na Mtume akalithibitisha neno la Salman. Basi ikiwa ibada yenyewe iliwekewa mpaka kwa ajili ya watu wa nyumbani, mbio za milimani hazina budi kuwekewa mpaka.

Binti na mumewe wakae kitako wayazungumze mambo matatu kabla ya jina kuandikwa.

La kwanza ni wakati. Maandalizi ya masafa kama haya hayapungui miezi mingi, na kabla yake ipo misimu ya kukusanya hayo mawe. Kila wiki patakuwa na siku moja ya kutoka alfajiri na kurudi mchana. Je, nani atawaandalia watoto chai asubuhi hiyo? Ikiwa mume amekubali kwa ulimi tu na moyo wake umenuna, ugomvi utaanza kabla ya mlima kufikiwa. Na haki hii ni ya pande mbili. Mume anayetoka kila Jumapili kwenda kwenye mpira asijifanye leo ndiye mlinzi wa saa za mkewe.

La pili ni mwili. Mama anayeamka mara tatu usiku kunyonyesha tayari ana deni la usingizi, na mazoezi mazito juu ya deni hilo huzaa majeraha. Mifupa na viungo vyake bado vinarejea katika hali yake baada ya uzazi. Basi aonane na daktari, na nasaha yangu ni kwamba asubiri mpaka mtoto aachishwe ziwa. Mlima hauhami. Wapo walioweza kabla ya hapo, nami siwakanushi. Jasmin Paris, daktari wa mifugo wa Uingereza, mwezi Januari 2019 alishinda mbio za kilomita 431 akawatangulia wanaume wote, huku akisimama vituoni kukamua maziwa kwa ajili ya bintiye wa miezi 14. Lakini yeye alikuwa na uzoefu wa miaka mingi milimani. Anayeanza asijipime kwa kibaba cha aliyebobea.

La tatu ni mali. Ada, nauli, malazi na viatu vinavyochakaa kabla ya msimu kwisha, vyote vihesabiwe. Pasiwe na deni, wala pasiguswe fedha ya karo.

Wakikubaliana katika hayo matatu, maandalizi yawe ya daraja kwa daraja. Aanze na mbio za kilomita 20 za njia za vilima, kisha 50, kisha 100, na baina ya daraja na daraja apumzike. Ajizoeze kupanda kwa kutembea haraka akiwa na fimbo zake mbili, kwani katika miinuko mikali hata mabingwa hutembea. Ajizoeze zaidi kuteremka, maana mteremko ndio unaoyachana misuli ya mapaja, na wengi huushindwa mlima wakiwa wanashuka. Atembee usiku na taa ya kichwani, pamoja na mwenzake, ili giza lisimshangaze.

Ajifunze pia kula akiwa mwendoni. Tumbo nalo hufundishwa kama miguu. Tende, viazi vya kuchemsha na supu yenye chumvi ni vyakula ambavyo wakimbiaji wengi huvitegemea. Na maji yana kipimo: anayekunywa kupita kiasi kwa saa nyingi hupunguza chumvi katika damu, na jambo hilo limewahi kuua watu mbioni. Anywe kwa kufuata kiu. Mwezi wa Ramadhani apunguze mazoezi yawe ya kulinda tu alichokwisha kukijenga, baada ya futari au karibu na daku, wala asiuharibu mwezi wake kwa ajili ya mbio za mwezi mwingine.

Vifaa navyo ni vya lazima, na wakaguzi huweza kumsimamisha mtu popote: taa mbili za kichwani, koti la mvua lenye kofia, suruali ndefu, glavu, blanketi jembamba la dharura, filimbi, simu, chakula cha akiba na maji yasiyopungua lita moja. Wazazi wenye wasiwasi juu ya mavazi watulie. Kanuni zenyewe zataka mwili uweze kusitiriwa kwa sababu ya baridi, na mwenye kujifunika hatazuiwa na mtu. Ama swala, yeye ni msafiri, na msafiri amerahisishiwa. Apange vituo vya kuswali mapema kama anavyopanga vituo vya kula, asingoje achoke ndipo aitafute kibla.

Msaada wa jamaa unaruhusiwa katika vituo maalumu tu, na kwa mtu mmoja. Mume akiwa ndiye huyo mmoja, basi watoto wapatiwe mtu mzima mwingine wa kukaa nao siku tatu hizo. Hapo, bibi yangu, ndipo nafasi yako ilipo. Badala ya kumwambia mwanao aache, muulize nani atakaa na wajukuu, na kama utaweza, mwambie utakuwa wewe. Ukiisikia sauti yake katika jibu, utajua kama jambo hili amelifikiria au amelitamani tu.

Na akiuliza la mwisho, mwambie asome kanuni ya kuahirisha kabla ya kutia saini: mwenye mimba atafanywaje, mwenye kunyonyesha atafanywaje, ada hurudi au hairudi. Mbio zozote ambazo kanuni zake hazina jibu la maswali haya, aziwachie wengine, na awaandikie waandaaji barua ya kuwaeleza sababu.

Wallahu a'lam. Tukutane wiki ijayo, inshallah. Wassalaamu alaykum.