Bahari Si Jalala

Kila mvua za masika zinyeshapo Dar es Salaam, Mto Msimbazi huteremka kutoka vilima vya Pugu, ukapita Jangwani na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Hauendi mtupu. Hubeba chupa, mifuko, kandambili na taka za kila namna zilizotupwa mitaroni. Kisha mvuvi aliyetoka usiku kutafuta riziki huvuta wavu wake akakuta, pamoja na samaki wachache, uchafu wetu.

Twasema uchafu wetu kwa kusudi. Wako wanaodhani kwamba bahari huchafuliwa na meli tu. Sivyo. Sehemu kubwa ya takataka zilizomo baharini hutoka nchi kavu. Plastiki haiozi kama ganda la ndizi; hukatikakatika vipande vidogo mno, samaki wakavimeza, na samaki hao ndio kitoweo chetu. Mchuma janga hula na wa kwao.

Sheria haikukosekana. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni, 2019. Lakini chupa zingali zikitupwa ovyo, wala sheria haiwezi kulinda kila mtaro usiku na mchana.

Hata hivyo, si haki kumlaumu mwananchi peke yake. Asiye na mahali pa kuweka taka aziweke wapi? Halmashauri zinazotoza ada ya taka hazina budi kuzizoa kwa wakati. Viwanda vinavyopata faida kwa kuuza vinywaji katika chupa za plastiki havina budi kusaidia kuzikusanya.

Nasi tunao wajibu. Kila tawi la Chama na kila mahali pa kazi paanze na mtaro ulio mbele ya mlango wake, kabla ya masika, si baada yake. Twende sokoni na vikapu vyetu vya ukindu. Chupa tuzikusanye, ziuzwe zikatengenezwe upya. Mafundi wa Lamu wamekwisha kuonyesha njia: kwa plastiki iliyookotwa waliunda jahazi, Flipflopi, ambalo mwaka 2019 lilisafiri mpaka Unguja.

Ndugu, bahari ni shamba la mvuvi na ghala la mlaji. Atupaye taka mtaroni leo, ajue kwamba anazitia katika chungu chake mwenyewe.