Mlinzi wa Shamba Asilale na Njaa
Ndugu zangu, sote twajua kuwa mate ya mbwa ni najisi, na mahali pake si chumbani. Lakini dini imeruhusu mbwa wa kulinda mifugo na shamba, na Mtume (S.A.W.) alitueleza habari za mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Basi mbona mlinzi wetu twamtupia ugali mkavu, au makombo ya mchuzi? Vitunguu na thomu huharibu damu yake. Mifupa iliyopikwa humchoma matumbo. Mchanganyieni ugali na dagaa waliooshwa chumvi, boga lililochemshwa, na yai mara mojamoja. Gharama yake ni ndogo. Akeshaye kwa ajili yetu ana haki ya kushiba.