MASIKA NA HAKI YA JIRANI

Wako wasemao siku hizi kwamba ulimwengu huu tuujuao unakaribia kuvunjika: joto lazidi, bahari yapanda, mataifa makubwa yatishana kwa silaha. Sisi hatuna elimu ya kutabiri mwisho wa dunia, wala hatuoni faida ya kubishana na wanaoutabiri. Twajua tu kwamba katika mabonde ya Kigogo na Tandale, na kando ya mito ya Kizinga na Mzinga huko Temeke, dunia ya watu imekwisha kuvunjika mara nyingi.

Mwezi wa Desemba 2011 Msimbazi ulifurika. Watu zaidi ya 40 walikufa katika Dar es Salaam, maelfu wakakosa makao, na baadhi yao wakapewa viwanja Mabwepande. Hayo yameandikwa sana. Lisiloandikwa sana ni lile la vyoo.

Mvua ikishika nguvu, wapo wanaotoboa shimo la choo ili uchafu uchukuliwe na maji. Wenyewe huita kutapisha choo. Mwenye nyumba hujiona ameokoa fedha za gari la kunyonya. Lakini maji yale huteremka hadi mlangoni mwa jirani wa chini, yakaingia kisimani na jikoni mwake, na kipindupindu hakiulizi shimo lilikuwa la nani. Hatupendi kuwahukumu maskini. Gari la kunyonya halifiki katika vichochoro vingi, na mpangaji wa chumba kimoja hana kauli juu ya choo. Bali yule akusanyaye kodi ya vyumba sita hana udhuru huo hata kidogo.

Wazee wanakumbuka mwaka 1983, sukari na sabuni zilipoadimika, na Serikali ikaanza msako wa walanguzi. Nao walikuwa na hoja yao: mambo yameharibika, kila mtu ajiokoe. Hoja ya mtapisha choo ni hiyo hiyo. Ahadi ya kwanza ya mwana-TANU ilikuwa juu ya undugu wa binadamu wote, wala haikuongezwa neno la kusema kwamba undugu huo ni wa wakati wa neema.

Basi mabalozi wa mashina wasingoje mafuriko. Wapite nyumba kwa nyumba wajue mashimo yaliyojaa, na wenye nyumba wachange. Manispaa nazo zisaidie penye vichochoro. Katika Temeke zimewahi kutumika pampu za mkono zinazopita pasipopita gari. Na mwanachama anayejua kwamba choo fulani hutapishwa, akanyamaza kwa kuwa mwenye nyumba ni mwenzake wa tawi, twamtaka alitaje jambo hilo mkutanoni mbele ya mhusika, kabla ya mwezi wa Machi, masika yanapoanza.